Uzi kuhusu uzi: hewa ukaa ya nguo imejificha kwenye maji ya moto

Mzee wa Stimu:

Wakuu, habari za jioni.

Kabla utani haujaanza: stimu ninayoisema ni mvuke wa boila. Nimekaa miaka kumi na moja idara ya rangi ya kiwanda cha nguo hapa Bongo, sita ya mwisho nikiwa upande wa boila. Kiwanda sitakitaja, kuna watu bado wanapata riziki pale.

Kila ninapokuta watu wanazungumzia nguo na mabadiliko ya tabianchi, wanakimbilia mifuko ya nailoni na meli zinazoleta makontena. Hayo ni makombo. Pamba ikishachambuliwa, kusokotwa na kufumwa, inatufikia ikiwa kitambaa kigumu, rangi ya majani makavu, kimejaa wanga uliopakwa nyuzi zisikatike mtamboni. Tunakichoma vinyweleo, tunakitoa wanga, tunakipausha, tunakitia rangi au kukichapa, tunakiosha, tunakikausha, tunakinyoosha. Karibu kila hatua hapo inadai maji ya moto. Maji ya moto yanatoka kwa boila, na boila inakula makaa ya mawe, mafuta mazito, kuni au gesi.

Chukueni tangi la lita 1,000, lile la kawaida la majumbani. Kupasha maji yake kutoka nyuzijoto 25 hadi 95 kunataka nishati sawa na unit 82 za LUKU. Kwa boila inayopoteza kama thuluthi ya moto wake, hizo ni kilo 17 hivi za makaa ya mawe, na kilo 40 hivi za hewa ukaa zinapanda dohani. Sasa kiwanda cha kizamani kinaweza kunywa lita 100 na zaidi kwa kila kilo ya kitambaa. Si zote za moto, ila nyingi. Kilichojipanga kinashuka chini ya 50.

Kukausha ndiko kubaya zaidi. Zile lita 1,000 zikishachemka, kuzigeuza zote mvuke ni unit 627 nyingine. Kwa hiyo ukiona rola za kukamulia mpira wake umeliwa katikati, na kitambaa kinaingia kwenye stenta (ule mtambo mrefu wa kukaushia) huku kinachuruzika, jua mnachoma hela. Maji yanayokamuliwa kwa rola hayakudai moto hata kidogo.

Niwape kisa kimoja. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa na bomba la kondenseti, yaani stimu iliyokwisha kufanya kazi yake ikarudi kuwa maji. Yalitoka ya moto usiyoweza kuyashika, usiku na mchana, moja kwa moja mtaroni. Mama mmoja muuza chakula alihamishia vyombo vyake pale, akachomeka kipande cha mpira kwenye bomba, akawa anaoshea masufuria. Wateja walimsifu kwa sahani zisizo na utando wa mafuta. Mimi nilipita pale miaka miwili nikimsalimia, "mama za kazi", kabla haijaniingia akilini kwamba yale maji tumeyanunua. Tumeyachuja, tumeyatia dawa, tumeyachemsha, halafu tunayamwaga na kuingiza boila maji mapya ya baridi kutoka kisimani.

Tuliyarudisha kwa bomba la mita arobaini na pampu ndogo. Mhasibu, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba cha boila, aliteremka mwenyewe kuuliza kwa nini lori la makaa limechelewa mwezi ule. Halikuchelewa. Tulikuwa hatujaliita.

Hoja yangu ni mpangilio. Kwanza ziba na rudisha. Kisha punguza maji. Kisha punguza joto. Baada ya hapo ndipo tuongee kubadilisha kinachochomwa. Wengi wanaanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye picha nzuri ya gazetini.

Chapchap:

Nimevuta kiti. Nilikuja nikidhani ni stimu zile za Ijumaa.

Mchambuzi Huru:

Mkuu, kwa heshima zote. Sekta ya nguo inatoa asilimia 10 ya hewa ukaa ya dunia, kuliko ndege na meli zote zikijumlishwa. Na wewe unatuambia tukaze vali?

Mzee wa Stimu:

Mchambuzi, hiyo asilimia 10 imezunguka miaka mingi, kila mtu anamnukuu mwenzake. Ukiifuata hadi shinani hukuti hesabu. WRI, taasisi ya utafiti wa mazingira, na wenzao wa Apparel Impact Institute walipokaa kuhesabu, mwaka 2021, walipata kama tani bilioni 1 kwa mwaka 2019, karibu asilimia 2 ya dunia. McKinsey, wale washauri wa biashara, walipata 4. Chukua utakayo, bado ni mzigo mkubwa. Ila tazama mgawanyo kwenye hesabu ile ya kwanza: asilimia 52 iko kwenye kutengeneza na kumalizia kitambaa, na kushona nguo ni 9 tu.

Na kuhusu vali, usizidharau. Tundu la milimita 3 kwenye bomba la stimu lenye presha ya baa 7 linapitisha karibu kilo 30 za stimu kila saa. Saa 24, hizo ni zaidi ya kilo 100 za makaa ya mawe kwa siku, kwa tundu dogo kuliko punje ya mchele. Na hakuna kiwanda chenye tundu moja. Sisi tulizunguka usiku mmoja, mitambo imezimwa, boila imeachwa na presha, tukawa tunasikiliza tu. Mwenzangu alikuwa na chaki, kila palipolia "sssss" anachora msalaba. Tulirudi hana chaki.

KijanaWaEPZ:

Naongea kutoka Athi River. Kwanza nilisoma mara mbili, maana huku stima ni umeme.

Sisi tunashona tu. Kitambaa kinakuja tayari kwa kontena kutoka Asia, sisi tunakata, tunashona, tunapiga pasi, tunapaki, kinaenda Marekani. Mnunuzi akituma watu wake wa mazingira, wanahesabu taa. Mazee, tumebadilisha taa zote kuwa LED, tukapigwa picha. Na stima yenyewe ya Kenya sehemu kubwa ni jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo. Nikasema moyoni, hawa wanatuuliza juu ya taa na hawaulizi kitambaa kilipakwa rangi kwa moto wa nini.

Kitu kimoja tu hapa kwetu kinachoma: kiboila cha pasi. Kinakula kuni siku nzima hata laini ikiwa imesimama.

Mzee wa Stimu:

Hicho kiboila ndicho chako, anza nacho. Pasi za mvuke zipo zenye kijitangi chake cha umeme, na kwa umeme wa Olkaria umemaliza habari.

Umegusa jambo ambalo nilitaka tulifikie. Umeme wetu Afrika Mashariki si mchafu kama wa wanaotuuzia vitambaa. Kenya wana jotoardhi, Uganda wana Mto Nile, na sisi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mitambo tisa, wa kwanza uliwashwa 2024 na yote tisa ilikamilika 2025. Gesi bado ipo kwenye gridi yetu, silifichi hilo. Lakini gridi ya India robo tatu hivi ni makaa ya mawe.

Kusokota kilo moja ya nyuzi kunataka unit 3 au 4 za umeme. Kwa gridi ya makaa ni kilo 2 hadi 3 za hewa ukaa, kabla hujafuma, kabla hujatia rangi. Sasa pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inaondoka ikiwa marobota, inasokotwa huko kwa umeme wa makaa, halafu inaturudia ikiwa shati. Watu wanalia na meli. Meli ni kitu kidogo hapo, cha kuogopa ni ndege, pale fasheni inapochelewa wakaituma kwa ndege ikawahi dukani.

Ng'wana Bariadi:

Wakubwa, mimi ni mtoto wa pamba. Kwetu tunalima kwa mvua ya Mungu, hakuna pampu ya umwagiliaji, mbolea ya chumvichumvi wengi hawaitii, samadi ikipatikana sawa. Meatu wamelima pamba hai tangu miaka ya 90 na kuna wanunuzi wake Ulaya. Kwa hiyo shambani kwetu hiyo hewa ukaa mnayoisema ni ndogo. Lakini mzani wa kijijini hauna kitufe cha hewa ukaa. Bei ni ile ile.

Swali langu ni mabua. Baada ya kuvuna tunatakiwa kuyang'oa na kuyachoma shambani ili kuua funza wasivuke msimu. Jioni moja mwezi wa tisa ukisimama mlimani unaona moshi kila upande. Huo moto si ungeweza kuingia boila?

Mzee wa Stimu:

Ng'wana, hilo swali lina pesa ndani yake. Bua la pamba ni mti kabisa, linawaka vizuri. Ugumu wake ni kulifikisha. Lori la mabua limejaa hewa. Unalipia dizeli ya kusafirisha nafasi tupu. Ukiyakata na kuyashindilia palepale karibu na kinu cha kuchambulia pamba yakawa matofali, hapo hesabu inaanza kukubali, na funza wanakufa vilevile. Lakini kiwanda cha Dar kisitegemee mabua ya Bariadi. Kiwanda cha Kanda ya Ziwa, ndiyo, pamoja na maganda ya mbegu za pamba na pumba za mpunga.

Mmakonde Halisi:

Na maganda ya korosho je? Mtwara yanajaa nyuma ya viwanda vya kubangulia.

Mzee wa Stimu:

Yana moto mkali kweli. Lakini ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, wabanguaji wa mkono wanalijua hilo kwa vidole vyao. Ukilichoma kwenye boila isiyotengenezwa kwa ajili yake, moshi wake unakula mabomba ndani na mapafu nje. Yakamuliwe mafuta kwanza, yale mafuta yenyewe yana soko, kinachobaki ndicho kichomwe.

Nikiwa hapohapo, kuni. Kuna viwanda vimetoka kwenye makaa ya mawe vikaingia kwenye kuni na kuandika ripoti kwamba hewa ukaa imekuwa sifuri. Kama ni mikaratusi yako uliyoipanda na unapanda tena, sawa, tutakusikiliza. Kama lori linatoka miombo ya Pwani usiku, hiyo sifuri iko kwenye karatasi.

Mchambuzi Huru:

Nakubali hapo kwenye asilimia 10, nimejaribu kutafuta hesabu yake nimekosa. Ila nina lingine. Kule Tiruppur, India, kwa wafumaji wa fulana, Mahakama Kuu ya Madras ilifunga viwanda vya rangi mwaka 2011 kwa sababu ya kuchafua Mto Noyyal. Wakalazimika kutotoa hata tone la maji machafu. Ethiopia nao walipojenga bustani ya viwanda ya Hawassa, iliyofunguliwa 2016, waliweka mfumo huohuo. Si ndiyo njia ya sisi kufuata?

Mzee wa Stimu:

Mto kwanza, sibishani. Nimeona mfereji unaobadilika rangi kulingana na kanga inayochapwa siku ile, na watoto wanacheza humo.

Ila fahamu kinachofanyika mwishoni mwa mfumo ule. Maji yanachujwa na kuchujwa, yanarudi kazini, inabaki brini, chumvi tupu na rangi. Hiyo unaikaushaje? Unaichemsha mpaka iishe. Rudi kwenye zile unit 627. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kuokoa mto na kuongeza moshi kwa mkupuo mmoja, hasa kama stimu yake ni ya makaa. Dawa ni kutozalisha hayo maji tangu mwanzo: mashine zinazotumia lita 5 kwa kilo mahali pa 10 kwa kila mwogo wa rangi, kuosha kinyume (maji safi yanaanza kwa kitambaa kisafi na kuishia kwa kichafu), na chumvi kidogo. Ndiyo maana nilisema mpangilio. Ukiruka hatua ya maji, hatua ya mbele inakudai mara mbili.

Dada wa Karume:

Nawasoma tangu asubuhi nikiwa mezani kwangu. Mjue kila mkimaliza kuongea viwanda mnageukia mitumba. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu, sisi huku presha zikapanda. Rwanda walipokaza ushuru, mwaka 2018 Marekani wakawasimamishia nafuu ya AGOA (mpango wao wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru) kwenye nguo. Wengine wakalegeza. Semeni sasa, mitumba ni adui wa mazingira au rafiki?

Mzee wa Stimu:

Dada yangu, shati lililokwisha kutiwa rangi halidai stimu tena. Akilivaa mtu wa pili miaka mitatu, na kwa kulivaa hilo hakununua jipya, moto umeokolewa. Hapo wewe ni mwenzetu. Kinachonisumbua ni belo lenyewe siku hizi.

Dada wa Karume:

Hapo umesema. Zamani ukifungua belo la mashati, yale ya daraja la kwanza yanakurudishia hela, ya chini yanakuwa faida ndogo. Sasa unafungua unakuta poliesta nyepesi, imefuliwa mara tano imevutika shingo. Ninayotupa ni mengi na natupa kwa kulipia. Pamba nzuri wanabaki nayo wenyewe.

Mzee wa Stimu:

Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani sasa ni poliesta, yaani mafuta ya petroli yaliyovutwa yakawa nyuzi. Na kuitia rangi ni nyuzijoto 130 ndani ya chungu cha presha. Moto wote huo kwa fulana ya kuvutika shingo.

Chapchap:

Mzee, hujasema yule mama wa sahani zinazong'aa aliishia wapi. Mlimkatia maji?

Mzee wa Stimu:

Tulimkatia, ndiyo. Siku ya pili alinikuta getini akaniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Sikuwa na jibu la kiufundi. Tulimchongea tundu dogo kwenye bomba la mwisho la kuoshea, maji ya uvuguvugu yasiyo na rangi, ambayo yangemwagwa hata hivyo. Anasema si kama yale.

Mama Batiki:

Shikamoo Mzee wa Stimu, na wengine wote hamjambo. Mimi si kiwanda, niko Morogoro na mabinti wanne, tunatengeneza batiki na vitambaa vya kufunga kamba. Boila yangu ni sufuria namba kubwa na jiko la mkaa. Gunia halimalizi wiki. Natumia rangi za aina mbili, zile za kostiki na haidro, na zile za magadi soda. Hayo mambo yenu yananihusu au ni ya wakubwa?

Mzee wa Stimu:

Marahaba mama. Yanakuhusu kuliko hata wao, maana mkaa unaulipia kwa mkono wako.

Tuanze na za magadi soda. Viwandani kuna njia ya baridi: kitambaa kinapita kwenye rangi iliyochanganywa na magadi, kinakamuliwa, kinaviringishwa kwenye rola, kinafungwa nailoni kisikauke, rola inazunguka taratibu saa 12 hadi 24. Hakuna moto mpaka wakati wa kuosha. Wewe huhitaji rola. Soma kopo kwanza, hakikisha ni rangi inayofanya kazi kwa baridi, maana nyingine za magadi zinataka joto. Loweka, kamua kwa nguvu, kunja, funga kwenye mfuko wa nailoni, weka kivulini mpaka kesho. Magadi usichanganye mapema, rangi ikikaa nayo kwenye maji inakufa kabla haijaona kitambaa. Vaa glavu.

Kutoa nta hakukwepeki, ni lazima uchemshe. Ila usichemshe kipande kimoja kimoja. Kusanya vya siku tatu, funika sufuria, tumia maji yaleyale, na yakipoa chukua nta iliyoganda juu uitumie tena. Na chini ya bati la paa lako jeusi weka mpira mrefu uliojaa maji. Saa nane mchana Morogoro, unaanza kuchemsha maji ambayo jua limeshayafikisha njiani.

Mama Batiki:

Bati langu si jeusi.

Mzee wa Stimu:

Mpira basi uwe mweusi, mama, na uulaze juu ya bati.

KijanaWaEPZ:

Hapa kwetu meneja amekubali tuzime kiboila saa ya lanchi. Saa moja. Ni mwanzo.

Mama Batiki:

Nimerudi, siku ya tatu leo. Nilifanya vitambaa sita vya kufunga kamba kwa njia ya baridi, nikavilaza kwenye nailoni chini ya kitanda kwa sababu mabinti walikuwa wanachungulia kila saa. Nyekundu imeshika vizuri mno, naona hata kuliko ya sufuria. Zambarau imeshika. Njano safi. Feruzi imekataa, nimeiosha imebaki kama maji ya bluu ya kufulia. Nimekosea wapi?

Mzee wa Stimu:

Hujakosea. Feruzi ina chembe kubwa, kwa baridi inaingia kivivu, hata viwandani inatusumbua. Iongezee muda na uiweke penye joto, au hiyo moja mwachie sufuria.

Mama Batiki:

Basi feruzi nitaipika Jumamosi, pamoja na nta. Gunia bado lina nusu.